Fundi wa Kwado na Lita ya Mazutu

Lita moja ya mazutu inayouzwa Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, imesafiri kuliko wengi wa wakazi wa mji huo. Ikipita kusini, imepanda reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, kutoka Lubumbashi, ikapita Kabalo, Kongolo na Kibombo, hadi reli inapoishia kando ya mto Lualaba. Ikitokea upande wa kaskazini, imeshushwa Kisangani, ikavushwa maporomoko kwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, kisha ikapakiwa chomboni kuukwea mto. Iko pia njia ya kale ya mashariki: reli ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914, meli ya Ziwa Tanganyika, halafu reli ya Kalemie hadi Kabalo iliyokamilika mwaka 1915. Kila kituo pipa linashushwa na kupakiwa tena, na kila mkono unaoligusa unaongeza bei.

Ndiyo maana mtu anayeokoa lita moja ya mazutu mjini Kindu ameokoa pia gharama ya safari nzima ya lita hiyo. Makala haya yanamsifu mtu huyo. Hana duka la mafuta, wala hauzi injini mpya. Yuko kando ya barabara, chini ya kibanda cha mabati, katikati ya matairi yaliyopangwa kwa ukubwa, na kompresa ikinguruma nyuma yake. Ni fundi wa kwado. Watu humwita pale tairi linapotoboka, wakamlipa, wakaondoka. Lakini kuziba tundu ni sehemu ndogo tu ya ujuzi wake. Kazi yake kubwa ni kujua tairi lipi liende kwenye gurudumu lipi, kwa barabara ipi, na kwa upepo kiasi gani. Hapo ndipo mazutu inapookolewa au kumwagwa.

Kwanza tuone tairi linavyokula mafuta. Tairi lililobeba mzigo si duara kamili. Pale linapogusa ardhi linabonyea, na linapoondoka ardhini linarudi katika umbo lake. Mpira ukibonyezwa hupokea nguvu, lakini ukirudi haurudishi yote. Kiasi kinachobaki hugeuka joto. Mwambie shofere anayeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu aguse tairi, na kiganja chake kitamwambia: joto lile lililipiwa kwenye pampu. Kwa malori makubwa ya safari ndefu kwenye lami, watengenezaji wa matairi hukadiria kwamba karibu theluthi moja ya mafuta hupotea kwa njia hiyo.

Ulaya walilitilia jambo hili maanani kiasi cha kulitungia sheria. Tangu mwaka 2012, matairi yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya hubandikwa lebo inayoonyesha yanavyotumia mafuta. Tairi la lori la daraja A halidai zaidi ya kilo 4 za nguvu ya kuvuta kwa kila tani ya mzigo. La daraja la chini kabisa hudai zaidi ya kilo 7. Chukua lori lenye uzito wa tani 20. Kwa matairi ya daraja A, injini itapambana na kilo 80 tu. Kwa yale ya chini, zaidi ya kilo 140. Kwenye lami, siku baada ya siku, tofauti hiyo ni fedha nyingi.

Sasa lilete lori hilo Maniema, ambako lami ni kidogo na barabara nyingi ni za udongo mwekundu. Vitabu vya uhandisi vinasema udongo ulioshindiliwa vizuri na kukauka waweza kudai kilo 20 kwa tani, na tope laini kilo 100 au hata zaidi. Lori letu la tani 20 linapambana na kilo 400 wakati wa kiangazi, na linapokutana na tope linapambana na tani 2 nzima. Mbele ya hesabu hiyo, pengo kati ya daraja A na daraja la mwisho linakuwa dogo sana. Kwenye tope, mlaji mkubwa wa mazutu ni shimo ambalo gurudumu linajichimbia na kulipanda bila kulimaliza. Anayenunua tairi kwa kufuata lebo ya lami peke yake, akalipeleka barabara ya Punia katikati ya masika, atachoma mafuta mengi kuliko jirani yake mwenye tairi la bei ya chini lililochaguliwa kwa akili.

Fundi mzuri wa kwado anajua hayo bila kuyasoma popote, na unalisikia katika swali lake la kwanza.

“Papa, nitafutie pine mbili za nguvu,” shofere atasema.

“Gari inaenda wapi?”

“Kalima.”

“Na inapakia nini? Inarudi na nini?”

Haulizi chapa, wala haulizi mfuko wa mteja una kiasi gani. Anauliza barabara na mzigo. Lori la Kalima huanza kwa kuvuka Lualaba kwenda Alunguli, wilaya ya mji iliyo ng’ambo, kisha linaingia msituni kuelekea kwenye machimbo ya kasiteriti, madini ya bati. Huenda limebeba chakula, sabuni na saruji, na likarudi na madini, ambayo ni mzigo mdogo kwa kimo lakini mzito kupita kiasi. Lori la Kasongo lina safari ya karibu kilomita 240. Lori linalozunguka Kasuku na Mikelenge likigawa bidhaa mjini halina haja ya meno marefu hata kidogo. Njia tatu, matairi ya namna tatu, na fundi hagusi chuma mpaka amejua njia.

Akisha kujibiwa, hulilaza tairi na kusoma ubavu wake. Huo ni usomaji wa taratibu, kidole kikifuata herufi zilizofunikwa na vumbi. Anatafuta ukubwa, tuseme 12.00R20 au 315/80R22.5. Ile R katikati ina uzito wake: inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimetandazwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, muundo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946. Palipo na kistari badala ya R, nyuzi zimepishana kimshazari kwa muundo wa zamani. Tairi la R hubonyea ubavuni bila kuuvuruga uso wake, hupata joto kidogo, na hula mafuta kidogo. La mshazari lina ubavu mgumu unaovumilia mikato ya mawe na visiki. Fundi anapima yote mawili, na kama njia si ya mawe matupu, huchagua R.

Kisha hutafuta namba ya mzigo. Kwenye 315/80R22.5 mara nyingi utakuta 156/150L. Namba ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake, na maana yake ni kilo 4,000. Ya pili ni ya tairi lenye pacha, kilo 3,350. Fundi anayeijua hesabu hii anajua jambo ambalo wenye magari wengi hulipuuza: matairi manne ya ekseli ya nyuma yanabeba kilo 13,400 yakiwa mazima, lakini pacha mmoja akipoteza upepo, mwenzake anaachiwa kilo 6,700, wakati hata akiwa peke yake hastahili zaidi ya 4,000. Atawaka joto, atakula mafuta, na mwishowe atapasuka.

Mwisho anatafuta tarakimu nne za tarehe. Ikiandikwa 2219, tairi limetoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2019. Kwa matairi yaliyokwisha kutumika Ulaya, na mengi yanayouzwa Afrika ni hayo, tarakimu hizo ni ushahidi usiodanganya. Tairi laweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Fundi hulikunja ubavu kwa goti, akatazama nyufa, akasikiliza, akaliweka kando bila maneno mengi.

Inafaa kukumbuka mpira huu una historia gani katika ardhi hii. John Boyd Dunlop aliposajili tairi lake la upepo mwaka 1888, dunia iliingiwa na kiu ya mpira, na sehemu ya kiu hiyo ilizimwa kwa utomvu wa mitambaazi ya misitu ya Kongo, uliokusanywa kwa mjeledi na bunduki wakati wa utawala wa Leopold, hadi mwaka 1908. Watu walikufa kwa ajili ya matairi ambayo hawakuwahi kuyapanda. Leo tairi linafika Kindu kwa bei kubwa, kutoka viwanda vya mbali. Fundi anayelitunza hadi limalize kazi yake yote anaupa mpira heshima ambayo wakusanyaji wake wa kwanza walinyimwa.

Baada ya kusoma ubavu, fundi hupanga nafasi. Tairi la mbele halisukumi. Kazi yake ni kuongoza na kubingirika. Huko huweka lenye mistari mirefu inayozunguka tairi zima, kwa sababu mistari hubingirika kwa urahisi na huitii sukani. Nyuma, kwenye ekseli inayosukuma, ndiko kunakohitajika meno makubwa ya kung’ata tope. Meno hayo yana gharama. Kila jino la mpira linabonyea na kuyumba linapogusa ardhi ngumu, na kila kuyumba ni mazutu. Kwa hiyo, mwenye lori anayedai meno makubwa magurudumu yote, akidhani ameongeza nguvu, ameongeza mzigo kwa injini. Na kama kuna trela, matairi yake hayasukumi kitu. Hayo nayo yapewe mistari.

Kuna siri nyingine inayowashangaza wengi: tairi jipya hula mafuta kuliko lililotumika nusu. Sehemu kubwa ya nguvu inayopotea inapotelea kwenye uso mnene wa mpira, na kadiri uso unavyopungua ndivyo tairi linavyobingirika kwa wepesi. Hapa ndipo fundi hodari anapoyatumia majira. Kindu hupata afueni ya mvua kati ya mwezi wa sita na wa nane, na mvua zinaporejea barabara hulainika tena. Mpango mzuri ni kufunga matairi mapya ya nyuma mvua zinaporejea, wakati meno marefu yanahitajika. Kiangazi kinachofuata kitayakuta yamepungua, na yatabingirika kwa urahisi kwenye udongo mkavu. Tairi lile lile linatumika kwa kazi mbili, kila moja kwa wakati wake. Hilo si jambo la kununua. Ni jambo la kupanga. Bila shaka kuna mpaka: tairi lililokuwa kipara halisimamishi gari kwenye utelezi, na fundi mwenye dhamiri halirudishi barabarani hata aombwe vipi.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua kazi moja ya fundi huyu ya kuionyesha dunia, ningechagua kulinganisha mapacha.

Matairi mawili yaliyofungwa kwenye kitovu kimoja lazima yazunguke mara sawa. Hayana hiari. Kama moja lina kipenyo kikubwa kuliko mwenzake, kila mzunguko linataka kwenda mbali zaidi, na mwenzake hawezi kulifuata. Basi mmoja huburuzwa. Tufanye hesabu. Tairi la lori lenye kipenyo cha karibu mita 1.1 huzunguka kama mara 290 kwa kila kilomita. Ikiwa mapacha wametofautiana kwa milimita 6 tu za kipenyo, unene wa penseli, tofauti ya mzingo ni karibu milimita 19 kwa kila mzunguko. Zidisha kwa 290, utapata mita 5 na nusu za kuburuzana kwa kila kilomita. Kutoka Kindu hadi Kasongo hizo ni zaidi ya mita 1,300. Mpira unasagwa na injini inalipa, safari nzima, na shofere haoni kitu.

Milimita 6 ni kidogo. Angalia kinachotokea mwenye gari anapofunga tairi jipya kando ya lililotumika nusu. Meno ya tairi jipya yakiwa na kina cha milimita 18, na ya mwenzake yamebaki 9, tofauti ya kipenyo inakuwa milimita 18, kwa kuwa upungufu unahesabiwa juu na chini. Hapo kuburuzana kunapita mita 16 kwa kila kilomita. Aliyenunua tairi jipya ili apumzike amejitafutia mzozo ndani ya gurudumu lake. Na usiamini namba ya ubavuni peke yake, maana matairi mawili ya viwanda tofauti, yenye ukubwa ule ule ulioandikwa, huweza kupishana kipenyo.

Kwa hiyo fundi hupima. Anajaza matairi upepo sawa, anayaacha yatulie, anazungusha kamba au tepu ya chuma katikati ya uso wa kila moja, anaweka alama. Halafu anayasimamisha mawili mawili, kimo kwa kimo, na kuweka ubao ulionyooka juu yao ili atazame mwanga unapopita chini yake. Palipo na mwanga, pana tofauti. Anabadilisha. Anapima tena. Mteja amekwisha kukasirika, konveyere, msaidizi wa shofere, anapiga honi, jua linapanda, na yeye bado anatazama ufa wa mwanga chini ya ubao. Wakibaki wawili wenye tofauti ndogo isiyoepukika, mkubwa humweka nje na mdogo ndani, kwa sababu barabara nyingi zimeinuka katikati na tairi la ndani hubeba zaidi. Katika uvumilivu huo wa nusu saa mna akiba ambayo hakuna chapa ya tairi inayoweza kuiuza.

Ufungaji wenyewe nao una adabu zake. Rimu za inchi 20 hutumia tyubu, flapu na pete ya chuma inayofunga ukingo. Wengine wangetaka Kindu nzima ihamie kwenye matairi yasiyo na tyubu ya inchi 22.5, ambayo ni mepesi na hupata joto kidogo, na kwenye barabara nzuri wana haki. Lakini rimu isiyo na tyubu ikigongwa na jiwe na kupinda, upepo unatoka na haukai tena. Tairi la tyubu hufunguliwa msituni kwa vyuma viwili na nyundo, likazibwa, likaendelea. Fundi anayekushauri tyubu kwa njia ya Lubutu anahesabu siku ambazo lori lingelala njiani, na hesabu hiyo ni sehemu ya gharama ya mafuta pia, kwa kuwa gari la pili litakalotumwa kuliokoa halitembei kwa maji.

Kabla ya kufunga, husugua kutu kwenye rimu, hufuta mchanga ndani ya tairi, hupaka unga au sabuni ili tyubu isijikunje. Pete akiisha kuikalisha, huigonga kuzunguka akisikiliza kama imekaa sawasawa, kisha huzungusha mnyororo kwenye gurudumu kabla ya kutia upepo. Pete iliyokaa vibaya huruka na kuua, na mafundi wameumia kwa hiyo duniani kote. Ukiona fundi anatia upepo huku amesimama mbele ya pete, mtafute mwingine. Kwa mapacha, hupanga vali mbili zitazamane pande zilizo kinyume, ili kila moja ifikike bila kuvua gurudumu. Jambo dogo, lakini vali isiyofikika haipimwi, na tairi lisilopimwa huisha upepo kimyakimya.

Uzibaji wa moto nao ni sanaa. Pistoni ya injini iliyokufa hufungwa kwa skrubu juu ya kiraka cha mpira mbichi, petroli kidogo humiminwa ndani yake na kuwashwa. Hakuna kipimajoto. Kiasi cha petroli ndicho saa ya fundi: kikizidi mpira unaungua, kikipungua kiraka hakishiki. Anakijua kwa jicho, na anazima kelele za watu wote mpaka moto umalize kazi.

Kisha kuna kiganja. Fundi hupitisha mkono juu ya uso wa tairi lililovuliwa, mara kuelekea ndani, mara kuelekea nje. Likiwa laini upande mmoja na kukwaruza upande mwingine, magurudumu ya mbele hayatazami njia moja. Yanasukumwa kiubavu kidogo kidogo, na lori linatembea huku limejifunga breki lisiyoijua. Kwa kamba iliyonyooshwa kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, fundi anaonyesha kosa lilipo, na makanika anarekebisha. Mashine za taa na kompyuta zinazofanya kazi hiyo katika miji mikubwa ni nzuri, lakini kamba iliyonyooka haidanganyi.

Sasa tuje kwenye upepo, kwa sababu hapo ndipo gharama ndogo huleta faida kubwa. Hapa upepo unahesabiwa kwa kilo, yaani kilo za kusukuma kila sentimita ya mraba. Lori lililojaa hutaka takriban kilo 8 na zaidi kwenye matairi yake. Watengenezaji husema kila upungufu wa sehemu 7 za kumi za kilo moja waweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa karibu asilimia 1. Mpira wa watoto uliopungua upepo hauendi mbali hata upigwe teke kali, na lori ni hivyo hivyo. Makonveyere wengi hupima kwa kugonga tairi na chuma na kusikiliza. Mlio huo unaweza kugundua tairi lililokufa kabisa; hauwezi kugundua lililopungukiwa kilo moja na nusu, na hilo ndilo linalokula mafuta wiki nzima. Geji ya mkono ndiyo inayojua, na ipimwe asubuhi, tairi likiwa baridi.

Ila kanuni hiyo ina kinyume chake, na kinyume hicho ndicho kipaji cha mafundi wa nchi za tope. Kwenye ardhi ngumu upepo mwingi huokoa mafuta. Kwenye ardhi laini huyapoteza, kwa kuwa tairi gumu hukata udongo na kuzama. Ukilipunguzia upepo, unyayo wake hurefuka, uzito husambaa, shimo huwa fupi, na injini hupumua. Wahandisi wa majeshi walilijua hili zamani. Malori ya KamAZ 4310 ya Kisovieti yalitengenezwa yakiwa na tairi moja kila upande badala ya mapacha, ili yale ya nyuma yafuate mkondo wa yale ya mbele bila kuchimba mpya, na dereva aliweza kubadilisha upepo akiwa amekaa kwenye kiti. Shofere wa Kindu hana mtambo huo, lakini ana kompresa ya breki za lori lake na mpira wa kupitishia upepo. Anaweza kupunguza kabla ya tope, akatembea taratibu sana, na kurudisha upepo wote afikapo penye ugumu. Akisahau kurudisha, au akikimbia na tairi laini huku amejaza mzigo, ameliua. Fundi mwema humwambia hayo wakati anamkabidhi gari, hata asipoulizwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo linalokosekana katika karakana nyingi za kando ya barabara, na ndilo ombi langu kwa wenye malori wa Kindu na wa Maniema yote. Mpeni fundi wenu geji nzuri ya upepo na daftari. Aandike tairi lipi limefungwa wapi, lini, kwa kilo ngapi, na lori lilijaza lita ngapi kabla na baada ya safari. Msimharakishe anapopima mapacha. Mlipeni kwa muda wa kupima, siyo kwa kiraka peke yake, kwa sababu anayelipwa kwa tundu tu hana sababu ya kuzuia tundu lijalo.

Na wewe unayetaka kupunguza gharama ya mazutu, usianze kwa kuuliza tairi gani ni bora. Anza kwa kumwambia fundi barabara yako na mzigo wako bila kumficha. Tairi bora ni lile lililochaguliwa kwa njia yake, likalinganishwa na pacha wake, na kupimwa upepo kila asubuhi.